Msamaha wa Mtu Mwingine

Kwa karibu miaka mitatu nilisimama mbele ya makanisa ya Bujumbura na kuungama wizi ambao sikuufanya. Nalitanguliza hili ili anayetaka kuacha kusoma aache sasa. Waliokuwa wakinisikiliza wakati ule hawakupewa nafasi hiyo.

Mimi ni mwanamuziki wa hip hop ya injili. Mji mzima tuko wachache, tunajuana, na tunaazimana biti kama majirani wanavyoazimana chumvi. Nimelelewa Nyakabiga, mtaa wa kawaida tu hapa mjini, mama yangu akiwa mwimbaji wa kwaya na baba karani wa serikali, mtu ambaye akichelewa kurudi unajua ni mvua. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilikabidhiwa daftari la mahudhurio la shule ya Jumapili, na nililishika kwa ukali mpaka watoto wenzangu wakanichukia. Dhambi kubwa ya utoto wangu ilikuwa kuchukua redio ya baba bila ruhusa na kuipeleka kwa jirani yetu Mwislamu, fundi wa magari. Watoto wa fundi huyo ndio walionifundisha Kiswahili, na ndio walionifundisha kuchana mistari ya rap, tukiwa tumekaa juu ya matairi mabovu. Redio ilirudi salama na baba hajui mpaka leo.

Kanisani kwetu ibada ni ya Kirundi. Kiswahili kila mtu anakisikia, lakini kwa wengi ni lugha ya soko na ya wajanja, na mtu akianza kuzungumza Kiswahili kwa kasi kuna wanaoshika mifuko yao. Nilipoanza kuchana kwa Kiswahili katika mikutano ya vijana, nikiwa nimevaa kofia na jezi pana, watu walijua tayari mimi ni nani. Walikosea, lakini walijua. Ningeweza kuwasahihisha kwa dakika moja.

Siku ya kwanza kuitwa kwenye mkutano mkubwa wa injili tulikuwa wanne. Desturi ni kwamba mwimbaji haimbi kabla ya kutoa ushuhuda; mchungaji wa vijana anakusogezea maikrofoni na kukuuliza Mungu amekutoa wapi. Wa kwanza alikuwa ametolewa kwenye pombe. Wa pili kwa waganga. Wa tatu gerezani, tena aliinua mkono akaonyesha kovu, na mama mmoja mbele akalia. Zamu ikanifikia mimi, mtu wa daftari la mahudhurio.

“Na we, mwanangu, Mungu amekutoa wapi?”

Nikasema nilikuwa nanyakua simu za watu.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe, na ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa pamoja, halafu makofi. Nilichana vizuri siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na wiki iliyofuata nikapata mialiko miwili. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye sana, na ilikuja taratibu.

Ushuhuda ule nikawa nauhariri jinsi ninavyohariri mistari. Palipolegea nakaza, palipoitikiwa naacha. Mwanzoni ilikuwa simu tu. Baada ya miezi kadhaa simu ikawa na mwenyewe, mama mmoja aliyevaa kitenge. Kisha mama akasimama mbele ya duka la dawa karibu na soko. Kisha akawa na mfuko wa dawa mkononi, kwa sababu niliona kwamba nikitaja dawa watu wanatikisa vichwa. Nilimuumba mama yule kipande kwa kipande, na nilijivunia kazi yangu.

Mama yangu mzazi hakuwa akija kunisikiliza, maana Jumapili ana kwaya yake. Jirani akamwonyesha video kwenye simu. Nilipofika nyumbani alikuwa anachambua maharage uani na hakuinua kichwa.

“Ile siku ulikuwa unaiba simu za watu,” akaniuliza, “mi nilikuwa wapi?”

“Mama, ni ushuhuda tu.”

“Nakuuliza nilikuwa wapi. Si nilikuwa hapa, nawapikia?”

“Wewe hata sikukutaja, Mama.”

“Ndiyo hiyo sasa. Mwizi anakuwaga na mama, na watu wanamutafuta kwa macho.”

Akaendelea na maharage yake. Nilijitetea kwamba watu wanaokoka kupitia maneno yale, na ni kweli kuna waliopita mbele wakilia. Akasema basi waokoke, lakini yeye hatakuja kunisikia mpaka nimtoe kwenye hadithi hiyo. Nilikasirika na kuondoka bila kula. Nilijiona mtumishi anayepingwa na watu wa nyumbani kwake, na kuna hata mistari niliyoandika juu ya jambo hilo. Namshukuru Mungu sikuirekodi.

Halafu nikaalikwa kwenye kanisa moja mtaa wa Kibenga. Ni kanisa la watu wenye utulivu, magari yamepangwa vizuri nje, watoto wana soksi. Nilitoa ushuhuda wangu wote, mama wa kitenge, duka la dawa, mfuko, nikachana nyimbo mbili, nikaketi. Mwanamke mmoja wa miaka hamsini hivi akainuka katikati ya ukumbi. Alikuwa amevaa mvutano, ile shuka ya heshima ya kufunga begani, ya rangi ya maziwa, na alitembea polepole mpaka mbele, akasimama mbele yangu, akanitazama usoni.

“Ni mi,” akasema. “Yule mama wa dawa, ni mi.”

Nimefikiria sana tangu siku ile, na sioni muujiza wowote. Nusu ya akina mama wa mji huu wamewahi kununua dawa karibu na soko, na walionyang'anywa simu ni wengi. Mtu akitupa uongo mpana kiasi kile lazima utamwangukia mtu. Lakini pale mbele sikuwa na akili ya kuhesabu hivyo. Alinikumbatia. Akasema, “Nimekusamehe, mwanangu,” na mtu wa protokoli, mhudumu wa ibada, ambaye ni mwepesi kuliko malaika, akawa ameshaweka maikrofoni katikati yetu. Akarudia kwa maikrofoni. Mchungaji akatupandisha jukwaani tukashikana mikono. Nililia, na watu wakadhani ni toba. Ilikuwa hofu.

Baada ya ibada alinivuta pembeni, karibu na ukuta.

“Sasa niambie, simu ile ulimuuzia nani?”

Nikasema sikumbuki.

“Jaribu. Mi sitafuti simu. Ile dawa ilikuwa ya mutoto wangu wa kike, alikuwa anasoma chuo kikuu. Simu ilipoibiwa nilinunua ingine, nikasahau. Mutoto akafa. Tumesha kumuzika ndiyo nikakumbuka: sauti yake ilikuwa mule, kwenye kadi ya memori. Alikuwa ananitumia sauti kila siku, mi nilikuwa najua kusoma lakini yeye alikuwa anakataa kuandika.” Akatabasamu kidogo. “Ya mwisho alisema nimuletee samaki ndagala kavu na chaja. Maneno nayakumbuka. Sauti inanitoroka.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Watu walikuwa wachache, jua lilikuwa zuri, na mwanamke mwenyewe alikuwa mpole. Badala yake nikasema nadhani nilimuuzia fundi mmoja wa simu kule sokoni. Akaniuliza yukoje. Nikasema ana meza ya kijani.

Sijui kwa nini kijani. Nadhani nilizoea kuongeza kitu.

Akaanza kutafuta. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi, akitoka kazini anapita kwa mafundi wa simu wawili au watatu, kisha ananipigia. “Leo nimepata meza mbili za kijani, lakini wenyewe ni vijana, wameanza juzi.” Au: “Huyu wa leo alikuwa na ya kijani, akaipaka nyeupe. Inaweza kuwa ni yeye?” Kila mara alimaliza kwa kuniombea, jina langu na kazi yangu ya injili, nami nikiwa nimeshika simu kama mtu anayeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

Wakati huo nilikuwa narekodi mtaa wa Mutanga Sud, kwa rafiki yangu mwanafunzi ambaye amegeuza chumba chake kuwa studio: magodoro ukutani, kompyuta moja, feni ambayo lazima izimwe ukianza kurekodi. Mistari haikuja. Nilikuwa naingia kwenye kile chumba cha magodoro, natoka nimelowa jasho, na sina hata neno. Nikamweleza rafiki yangu yote. Alifikiri kidogo, akasema nimwambie yule mama kwamba fundi alihamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, biashara iishe.

“Mama atatulia, na we utatulia,” akasema.

Nilimpigia nikiwa na nia ya kusema hivyo hasa. Kabla sijafungua mdomo akaniambia amepata ruhusa kazini siku ya Ijumaa, na anaomba twende wote, nimwonyeshe meza kwa kidole. Nikasema sawa. Uvira haikutoka.

Ijumaa asubuhi tukazunguka kwa mafundi. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda harusini, na kila meza alisalimia kwanza, akauliza hali, ndipo akaeleza shida yake. Mafundi walimsikiliza kwa heshima na kunitazama mimi kwa jicho jingine. Nilikuwa natembea nyuma yake hatua mbili. Kila akigeuka ananiuliza kwa macho, nami natikisa kichwa.

Tukafika kwa mzee mmoja mwenye kofia ya Kiislamu na miwani iliyofungwa kwa waya. Meza yake ilikuwa ya kahawia, nilikuwa tayari kupita. Lakini mama alimweleza, na mzee akamtazama, akainama chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na kadi ndogondogo za simu, labda mia, labda zaidi, zilizotoka kwenye simu mbovu za miaka yote hiyo.

“Haki ya Mungu sijui ni za nani,” akasema. “Kaa, mama. Utasikiliza moja moja.”

Akampa kigoda, akampa simu moja na vipokea sauti. Mama akaanza. Mzee anamwekea kadi, yeye anafumba macho, anasikiliza, anatoa. Mara nyingine uso wake ulicheka, akaniambia ni mtoto anaimba abacada, zile herufi za shule. Mara nyingine ni mahubiri. Mara moja aliondoa haraka akasema ni watu wanagombana, si vizuri. Kadi nyingi hazikuwa na sauti kabisa, lakini hizo nazo alizisubiri kwanza, kama mtu aliyebisha hodi. Adhana ya Ijumaa ikasikika, mzee akaomba radhi, akaenda kuswali akatuachia meza yake na vitu vyake vyote. Alituachia, mimi niliyejitangaza mwizi mji mzima.

Mama akahesabu zilizobaki kwenye kopo, akanyoosha mgongo. “Tutamaliza,” akanitia moyo mimi. “Usichoke.”

Nikamwambia. Sikutafuta maneno, nilisema tu kwamba sijawahi kuiba simu yake wala ya mtu yeyote, kwamba meza ya kijani haipo, kwamba nilibuni yote ili nipigiwe makofi. Nilisema nikitazama kopo. Nilipomaliza alivua vipokea sauti akaviweka juu ya meza, akaviweka sawa.

“We apana mwizi.”

“Hapana, Mama. Sikuwahi.”

Akalisogeza kopo mbali, na mzee akarudi kutoka kuswali. Mzee aliona nyuso zetu, akachukua bilauri akamletea maji. Mama alikunywa yote kwanza.

“Sasa mi nimemusamehe nani?” akasema. Hakupandisha sauti. “Niliomba miezi, nikafunga, nikapata nguvu ya kumusamehe yule mutu. We ukakuja mbele ukaichukua. Ulikula musamaha wa mutu, mwanangu. Yeye eko nje huko, hajui kama alisamehewa.”

Akasimama, akamshukuru mzee, akaenda zake.  Mzee alikusanya kadi akazirudisha kwenye kopo, zile zilizosikilizwa upande mmoja na karatasi katikati.

Nilikwenda kwa mchungaji wangu nikaeleza. Nilitegemea ukali, nikapata jambo gumu zaidi. Aliniuliza kama nimefikiria wale waliookoka kwa sababu ya ushuhuda ule, je, nao niwaambie walidanganywa? Akashauri niache kuusema, nitubu kimya, mambo yapoe. Najua alikuwa ananihurumia, na alikuwa analihurumia kanisa. Nilimwambia wezi wawili wa kweli waliwahi kuja kunikumbatia kwa sababu walidhani mimi ni mwenzao, na sikujua nitawatazamaje. Akafikiri siku kadhaa, kisha akanipa Jumapili moja, na baada ya hapo nidhamu ya kanisa kama mwanakwaya yeyote aliyeanguka: benchi la nyuma, bila maikrofoni, mpaka wazee watakaposema.

Niliungama kwa Kirundi ili pasiwe na wa kusingizia lugha. Nilisema nimelelewa Nyakabiga na wazazi wawili wacha Mungu, kwamba sijawahi kuiba, kwamba nimewadanganya. Kuna waliotoka nje. Kuna mama mmoja mzee aliyesimama kuniombea, akikemea roho inayonifanya nikane ushuhuda wangu. Huyo mpaka leo anaamini nilikuwa mwizi na ananipenda sana. Mama yangu aliacha kwaya yake siku hiyo akakaa mstari wa mbele. Nilipotaja Nyakabiga aliitikia “Amina” kwa sauti ya soprano, peke yake. Nilirudi nyumbani naye kwa miguu na tukala.

Mialiko ilikoma. Nilikaa benchi la nyuma miezi sita, nikagundua kwamba huko nyuma ndiko wanakokaa watu wengi ambao hawajatolewa mahali popote pa ajabu. Mchana nilikuwa nafundisha hesabu kwa wanafunzi wa sekondari, ndiyo kazi niliyosomea. Nilikuwa na huzuni, lakini nilikuwa nalala.

Siku moja yule mama wa Kibenga akanipigia. Hakusalimia kwa muda mrefu kama zamani.

“We uko na watu wanakusikiliza,” akasema. “Vijana. Na yule mutu ni kijana, pengine naye anasikilizaka. Muambie.”

Nikamuuliza nimwambie nini, akanitajia taratibu nami nikiandika: simu abaki nayo, au kama aliiuza basi, alisamehewa zamani, kadi tu, kama ipo, airudishe. Huo ndio wimbo. Sikuongeza kitu, na kwangu hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kutunga. Rafiki yangu wa Mutanga alitaka tumtafute msichana aseme yale maneno ya ndagala na chaja. Nilimuuliza mama akakataa, akasema asiwekwe mtoto wa mtu mwingine mahali pale. Kwa hiyo katikati ya wimbo kuna mistari minne ambayo biti inakwenda peke yake bila neno. Watangazaji wa redio hudhani ni nafasi ya kutaja saa.

Wazee waliponirudishia maikrofoni, niliimba huo kwanza. Mchungaji wa vijana akaniuliza, kama desturi, Mungu amenitoa wapi. Nikasema Nyakabiga. Watu wakacheka, na nikacheka nao.

Baada ya onyesho la tatu au la nne, kijana mmoja alinipa mkono akaondoka haraka. Nilipofungua kiganja kulikuwa na kadi ya simu. Nilikimbia Kibenga roho juu. Mama aliiweka kwenye simu yake, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho: ilikuwa sauti ya mwanamume anayemwelekeza mtu njia ya kwenda shambani. Haikuwa yake. Tangu hapo zimekuja nyingine, moja katika bahasha, moja imefungwa kwenye noti ya zamani, nyingi za mkono kwa mkono. Zote nampelekea. Anasikiliza kila moja yote, kisha anaandika kwenye karatasi alichokisikia, jina la mtaa, kilio cha mtoto, wimbo, na tunajaribu kuwatafuta wenyewe. Tumewapata wawili. Yule mzee fundi anatusaidia, naye amemkabidhi mama kopo lote.

Juzi nilimpelekea kadi ya kijana aliyesubiri mpaka watu waishe, akaniomba nimuulize mama kama amemsamehe. Nilimfikishia. Alimaliza kusikiliza kwanza.

“Simu haikuwa yangu,” akasema. “Mi siwezi kumusamehe mahali pa mutu. Tumutafute mwenyewe.”

Akaandika kwenye karatasi yake. Nilikuwa na chai mkononi, na nikaona nikikaa kimya tena nitakaa kimya miaka.

“Na mimi, Mama? Mimi umenisamehe?”

Alinitazama juu ya miwani, akaweka kalamu chini.

“We nilikusamehe mara moja, mbele ya watu wote, kwa kosa haikuwa yako,” akasema. “Hii yako bado naiombea. Leta kadi ingine.”

Nikampa.